"Mama, wimbo huo tuwekee matanga": leo nimetukanwa mbele ya meza ya Bwana na sinyamazi

AltoYaMama – Jumapili, saa 8:14 mchana

Sijavua hata viatu. Nimeketi barazani, leso imelowa jasho, chakula chapoa jikoni, na naandika sasa hivi kabla hasira haijashuka, kwa sababu ikishuka nitaambiwa nisamehe, na leo sisamehi mtu.

Mwamjua. Sina haja ya kumtaja. Wa miwani myeusi ndani ya kanisa. Mwenye kushika maiki kama muhogo wa kuchoma. Huyo huyo.

Leo ni Jumapili ya kwanza ya Januari. Mmethodisti yeyote anayesoma hapa ajua maana yake: ibada ya agano. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliwaanzishia watu wake ibada hiyo mwaka 1755, na sisi kwetu, kanisa dogo la mabati ambalo tukijazana sana ni watu themanini, hatujawahi kuiruka. Watu husimama wakasema kwa pamoja: Bwana, mimi si wangu tena, nipe kazi au niweke kando, nijaze au niache mtupu. Kisha kimya. Na ndani ya kimya kile, bila kinanda wala ngoma, mama mmoja huanza tenzi na kanisa zima likamfuata. Alikuwa nyanyangu. Akaja mamangu. Tangu mamangu apumzike ni mimi. Sikupigiwa kura, sikuomba, ndivyo ilivyo.

Leo nimefungua kinywa. Nimefika mstari wa pili. Wa PILI! Maiki ikalia kwii, na sauti ikatoka kwenye spika zote nne: "Mama, wimbo huo tuwekee matanga."

Vijana wakacheka. Ngoma zikaanza.

Matanga! Mimi niko wima kwa miguu yangu miwili, mkate umefunikwa kitambaa cheupe pale mezani, na mtu aniambia niwawekee matanga!

Na nimevumilia mengi, Mungu ni shahidi. Nimevumilia yale madirisha. Kanisa letu lina madirisha matatu upande wa bahari, na kwa msimu huu wa kaskazi hayo ndiyo mapafu yetu. Tangu Novemba ameyafunika kwa vitambaa vyeusi, eti jua laharibu picha ya projekta. Nje ni nyuzi 32, ndani ungeweza kupika wali wa nazi bila jiko. Mzee mmoja wa miaka themanini na kitu alitoka Jumapili ya Krismasi akiwa amelowa kama aliyebatizwa upya. Nimevumilia pia nyimbo za mstari mmoja unaorudiwa mpaka mtoto mchanga aujue. Nikasema ni vijana, wana bidii, kanisa lazima liwe na vijana. Nilichangia hata hiyo projekta.

Nyanyangu alizaliwa Ribe, karibu na Mombasa. Ribe alikofika mmisionari wa Kimethodisti Thomas Wakefield mwaka 1862, wale aliokuja nao wakaugua homa wakarudi kwao, yeye akabaki karibu miaka ishirini na tano. Tenzi hizi zimepita kwenye homa na njaa na makaburi ya wamisionari yaliyoko kule mpaka leo. Zije zinyamazishwe na mtu wa miwani myeusi? Mbele ya watoto wangu wa Shule ya Jumapili?

"Mama, wimbo huo tuwekee matanga." Nayasikia maneno hayo mpaka sasa. Nilipanda tuktuk nayasikia. Dereva aliniuliza mara mbili kama niko sawa.

KijanaWaKongowea – saa 8:31

Pole mama. Lakini "kama muhogo wa kuchoma" nimecheka mpaka mke wangu ameniuliza kuna nini. Huyo jamaa nishamjua bila kutajiwa.

TenaSoprano – saa 8:40

Mimi nilikuwepo, benchi la tatu. Alilosema si la adabu, nakubali kabisa. Lakini tuseme kweli mbele ya Mungu, dada, ulianzia juu sana. Mbwa wa jirani aliitikia. Mstari wa pili tulikuwa tumebaki watatu, na mmoja alikuwa akikohoa.

AltoYaMama – saa 8:46

Sikuanzia juu. Naanzia alipokuwa akianzia mamangu. Kama koo zenu zimeoza kwa kupayuka kwenye maiki hilo si langu.

Na hata ningeanzia mawinguni, wewe uliyekuwa benchi la tatu, ulimsikia? Ulimsikia aliponiambia niwawekee matanga? Ulifanya nini? Ulitazama skrini!

MethodistiWaZamani – saa 8:58

Huyu mtu hakukaa chini kufundishwa. Wesley aliacha maagizo ya kuimba mwaka 1761. Moja lasema uimbe kwa unyenyekevu, usipige makelele hata sauti yako ikawa juu ya za wenzako. Sasa mtu ana spika nne ndani ya chumba cha watu themanini, sauti yake itakosaje kuwa juu ya wenzake?

Kibodi_Nyali – saa 9:05

Mzee, soma maagizo yote. Kwenye karatasi hiyo hiyo alisema tuimbe kwa nguvu na moyo mkuu, tujihadhari tusiimbe kama watu nusu wafu au nusu waliolala. Nilikuwa kwenye ibada zenu za zamani. Nusu wafu ni kuwasifu.

Na tukumbushane. Mwaka 1739 huyo Wesley mnayemshikilia alihubiri nje, uwanjani, karibu na Bristol, kwa sababu makanisa yalikuwa yakimfungia milango kwa vitu vyake vipya. Ndugu yake Charles alitunga nyimbo zaidi ya elfu sita. Zote zilikuwa mpya siku ya kwanza. Kulikuwa na mama fulani Uingereza aliyekasirika barazani kwake vilevile.

AltoYaMama – saa 9:11

Charles Wesley alimwambia mama yeyote awekee wimbo wake matanga? Jibu hilo.

Sijasema nyimbo mpya zisiimbwe. Rudi juu usome. Nimesema NILIKATIZWA. Katika kimya cha agano. Watu wametoka kusema "niache mtupu" na dakika moja haijapita mtu ashajaza chumba na ngoma!

Kibodi_Nyali – saa 9:14

Na makaburi ya Ribe umeyataja mwenyewe, mama. Tenzi zilizopita makaburini. Sasa jamaa amekosea wapi akisema ni za matanga?

AltoYaMama – saa 9:15

Ushindwe na ulegee.

BabaSwaleh – saa 9:22

Mimi ni Muislamu, nakaa nyuma ya kanisa moja huku, silitaji na sijui kama ndilo lenu. Jumapili asubuhi zamani zile nyimbo za taratibu zilikuwa zaniingilia dirishani nikinywa chai na mahamri, na naapa zilikuwa zapumzisha. Siku hizi kikombe chatetema. Kijana wangu wa miaka sita ashashika vibwagizo vyote na jana alikuwa akiimba kimoja akienda madrasa. Mwalimu amenipigia simu.

Pole sana mama. Mtu mzima haambiwi vile, popote pale.

AltoYaMama – saa 9:25

Asante baba Swaleh. Mwaona? Jirani ameona, mwenye kanisa hajaona.

Mkatoliki_Tudor – saa 9:33

Kwetu misa ya kwanza dakika hamsini na tano, tumemaliza kabla jua halijashika kasi. Ila matangazo! Matangazo yetu ni misa nyingine. Leo tumetangaziwa mbuzi aliyepotea. Mbuzi! Na tangazo limerudiwa misa ya pili.

DadaWaLikoni – saa 9:37

Nyinyi mna bahati, ninyi mwafika kanisani. Mimi leo nimesimama feri saa nzima na nguo nyeupe, mtu akanimwagia achari mgongoni. Nimefika wakati wa baraka ya mwisho. Mchungaji akasema "enendeni kwa amani" nami ndiyo kwanza naingia.

KijanaWaKongowea – saa 9:39

Achari mgongoni, hiyo ndiyo baraka yenyewe.

AltoYaMama – saa 9:44

Poleni na feri, poleni na mbuzi. Lakini hebu turudi. Nauliza swali moja tu na sijajibiwa. Mchungaji alikuwa ameketi pale, hatua tatu kutoka kwangu. Wasimamizi wawili pale. Kuna mtu alisimama akasema "kijana, mwache mama amalize"? Hata beti moja? Hakuna. Mmoja wa wasimamizi alikuwa akijipepea kwa bahasha ya sadaka. Kwa joto ambalo huyo huyo wa miwani ndiye aliyetufungia humo.

Nimeketi. Mimi ndiye niliyeketi! Kitabu kiko wazi mapajani, ukurasa umelowa. Watu wakaniruka wakaenda mbele kucheza. Mtoto wangu mmoja wa darasa, mdogo wa meno ya mbele kung'oka, akaja akanikalia karibu, akaniuliza, "Mwalimu, nani amekufa?"

Nani amekufa. Hapo ndipo machozi yakanitoka.

TenaSoprano – saa 9:52

Hilo la mtoto sikuliona. Nisamehe dada. Kweli nilikuwa natazama skrini.

Jumapili ijayo anzia chini kidogo tu, nitakushika. Wallahi hata akikata maiki, sisi hatuimbi kwa maiki.

MamaWaWageni – saa 10:03

Mimi naona shida yote ni Desemba. Wageni kutoka bara wanateremka kwa mabasi, kanisa lafurika, huyo kijana akaona umati akadhani ameuleta yeye. Januari wamerudi kwao na karo za shule, mabenchi matupu, yeye bado apigia umati.

Na nikianza mimi ya wageni sitamaliza. Nilikuwa nao kumi na mmoja, nyumba ya vyumba viwili. Wamekula unga wa mwezi kwa siku tisa. Mmoja, mtu mzima na ndevu, amejaza maji ya bahari kwenye chupa ya lita tano apeleke Meru. Chupa ikavuja kwenye zulia langu. Zulia lanuka pweza mpaka sasa.

Mmeru_Pwani – saa 10:08

Msitutie Wameru humu. Sisi ndio Wamethodisti wengi zaidi nchi hii, bila sisi hilo kanisa lenu la mabati lingekuwa ghala ya nazi. Na maji ya bahari ni ya miguu ya shosho, dawa ile.

MamaWaWageni – saa 10:10

Kumbe wewe ndiye mwenye chupa!

Mmeru_Pwani – saa 10:11

Si mimi. Ni shemeji yangu. Zulia tutalipa.

MethodistiWaZamani – saa 10:20

Kuhusu madirisha: vitambaa vile vyeusi nani aliviidhinisha? Kwa mkutano upi? Kikao cha wasimamizi cha Oktoba hakikuandika kitu kama hicho, na mimi nilikuwepo. Na pesa za pangaboi tulizochanga ziko wapi? Harambee ilifanywa. Pangaboi mbili ziliahidiwa. Naona nyaya mbili zinaning'inia darini na mjusi anazitumia.

DadaWaLikoni – saa 10:24

Huyo mjusi mwamjua pia?

Fundi_Stima_Magongo – saa 10:29

Pangaboi naweka mimi. Ninalo moja limetumika, panga tatu, halipigi kelele, shilingi 1,800 na kufunga ni bure kwa kanisa. Stima ikipotea lakini msinipigie, hiyo si yangu.

Mkatoliki_Tudor – saa 10:31

Panga tatu au nne? Kwetu sakristia ni tanuri.

KijanaWaKongowea – saa 10:33

Elfu moja mia tano nachukua leo.

AltoYaMama – saa 10:41

Mimi hapa sizungumzii pangaboi. Nazungumzia matanga! Nimeambiwa matanga nikiwa hai, siku ya agano, mstari wa pili, na uzi wangu umegeuka soko la Kongowea.

Jumapili ijayo nitafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Vile vitambaa navitoa mwenyewe, niwe na ngazi nisiwe nayo. Na kimya kikija, naanza. Soprano nimekusikia. Nitashuka kidogo. Kidogo tu.

PendoMtwapa – saa 11:02 jioni

Jamani nimefungua simu sasa hivi, nimeona matanga, matanga. Poleni sana kwa msiba. Tumempoteza nani? Mazishi lini, na michango yatumwa wapi?

Fundi_Stima_Magongo – saa 11:06

Panga tatu. Bado lipo.