Mtoto wa miezi 7 anaota meno, usiku halali. Nifanyeje?

Mama Nuru
Habari zenu wazazi. Mtoto ana miezi 7, uzito kilo 8. Meno mawili ya mbele ya chini yanakaribia kutoka: ufizi umevimba, na ukiupapasa unahisi kitu kigumu. Mchana anacheza tu. Usiku anaamka kila saa. Nikimpa titi ananyonya mara mbili tatu, analiachia na kulia zaidi. Joto ni 37.4. Ile jeli ya ganzi ya kupaka ufizi inafaa? Na dawa ya maumivu nimpe kiasi gani?

BiZuhura
Jeli achana nayo, mama Nuru. Baadhi zina benzokaini, ambayo kwa mtoto wa chini ya miaka 2 inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni vizuri: midomo inageuka ya kijivu au ya bluu, pumzi zinakuwa za shida. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizitaka kampuni ziache kuziuza kwa ajili ya meno ya watoto. Zenye lidokaini nazo ni hatari akizimeza. Na hata hiyo ganzi yenyewe haikai, mate yanaiondoa mara moja.

Kuachia titi kunaeleweka: kunyonya kunazidisha mgandamizo kwenye ufizi uliovimba, unauma. Kwa hiyo anza na ufizi kabla ya titi. Nawa mikono kwa sabuni, kucha ziwe fupi, kisha sugua palipovimba kwa ncha ya kidole dakika 1 hadi 2. Kandamiza hasa, usipapase. Ukipapata penyewe utaona anaacha kulia na kuking'ata kidole. Hapo mpe titi.

Kitu kingine ni kitambaa safi cha pamba: lowesha pembe moja, kamua, weka kwenye friji nusu saa, atafune akiwa mikononi mwako. Kwenye friza hapana, kilichoganda kinaumiza ufizi. Akilala kiondoe kitandani.

Mpima_Dozi
Parasetamoli ni ya usiku ule ambao kusugua kumeshindikana, si ya kila siku. Hesabu kwa uzito, umri unadanganya: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Kilo 8 ni miligramu 80 hadi 120. Dozi na dozi zipishane saa 6, zisizidi 4 kwa saa 24. Mpe kama nusu saa kabla ya kulala. Tumia bomba la kupimia lililokuja na dawa, kijiko cha chai hakina kipimo kimoja. Usiichanganye kwenye chupa ya maziwa. Akibakisha hujui amekunywa kiasi gani. Aspirini kamwe.

Mama Nuru
Asante. Chupa niliyonayo imeandikwa 100 mg/1 ml. Ni ml 5?

Mpima_Dozi
Hapana! Hayo ni matone, ni mazito. Ml 5 ni miligramu 500, zaidi ya mara nne ya dozi yake. Kwa matone hayo kilo 8 ni ml 0.8 hadi 1.2, basi. Ml 5 ni kwa ile dawa ya maji yenye 120 mg/5 ml, tena hapo umefika kiwango cha juu. Makosa mengi yanatokea hapa, chupa zinafanana. Mwonyeshe mfamasia chupa hiyo kabla hujaifungua.

Baba_Pacha
Msibebeshe meno kila kitu. Joto likifika 38, au akiharisha au kutapika, hiyo si kazi ya jino, apelekwe kituo cha afya. Vivyo hivyo akilia zaidi kila akilazwa chali na kutulia akibebwa wima huku akivuta sikio: sikio likaguliwe.

Maumivu ya jino moja ni siku chache tu, kabla na baada ya kuchomoza. Jino likishaonekana na bado anaamka kila saa, huenda sasa anadai kubembelezwa. Usiku akiamka usiwashe taa kubwa. Sugua ufizi, mrudishe chali kitandani angali macho, mkono wako kifuani pake. Na shingo mkaushe, mate yakishinda hapo yanaleta vipele vinavyowasha. Paka mafuta ya mgando kidogo kabla hajalala.

Mama Nuru
Shanga za kaharabu je? Nazo zinasifiwa.

BiZuhura
Usimvalishe. Uzi unaweza kumkaba shingo, ukikatika anameza punje.