Ulinganisho: chombo binafsi cha kuruka cha umeme, chenye mabawa au cha rafadha tupu?

Kipanga
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe miundo miwili ya vyombo vya mtu mmoja: ule unaobebwa na rafadha (mapanga yanayozungushwa na mota) pekee, kama Jetson ONE yenye mota 8, na ule wenye mabawa, kama Helix ya Pivotal. Matangazo hudai kuwa kila kimoja kinafaa usafiri, uokoaji na burudani, jambo ambalo mimi nalitilia shaka.

Fundi Mota
Shaka yako ina msingi, na chanzo chake ni betri. Kilo moja ya betri ya lithiamu hutunza takriban wati-saa 250, ilhali kilo ya mafuta ya ndege ina kama 12,000. Chombo kisicho na mabawa huning'inia kwa nguvu za mota tangu kupaa hadi kutua, ndiyo maana Jetson ONE hukaa angani kwa takriban dakika 20 tu. Helix hupaa wima, kisha hujilaza mwili mzima ili mabawa yabebe uzito, ikaweza kwenda kama kilomita 32. Kwa safari, mabawa yameshinda.

Mpenda Kanuni
Yameshinda wapi, mkuu? Nchini Marekani vyote viwili huruka chini ya Kanuni ya 103, ambayo haidai leseni ya rubani, lakini inaweka kikomo cha kilo 115 kwa chombo kitupu (maboya na vifaa vya usalama vina posho yake) na inakataza kuruka juu ya maeneo yenye msongamano wa watu. Chombo kisichoruhusiwa kupita juu ya mji hakimfikishi mtu kazini. Anayetaka usafiri hasa atazame EH216-S ya kampuni ya EHang ya China, yenye nafasi ya abiria 2 bila rubani, iliyopewa cheti cha aina (idhini ya muundo wake) na mamlaka ya usafiri wa anga ya China mwezi Oktoba 2023.

Mwokoaji
Kwetu umbali si hoja kubwa. Tunahitaji kusimama hewani na kutua penye nafasi finyu, kwa hiyo ningechagua rafadha tupu. Hata hivyo kiti ni kimoja: mwokoaji akikikalia, majeruhi atakaa wapi? Kazi inayokifaa chombo hiki ni kumfikisha mhudumu na mkoba wake, halafu wabebaji wafuate. Tena upepo wa rafadha ndogo ni mkali, hurusha mchanga na vipande vya mabati usoni mwa unayemwokoa.

Fundi Mota
Ongeza hili: betri ikikaribia kuisha volteji hushuka, na kutua wima ndipo mota hudai nguvu nyingi. Zile dakika 20 usizihesabu zote. Parachuti nayo huhitaji kimo ili ifunguke, na rafadha hizi haziwezi kushuka kwa kuzungushwa na hewa kama za helikopta.

Kipanga
Basi kwa burudani nachagua mabawa, na niruke juu ya maji. Mwokoaji, mhudumu wako atapaa na kilo ngapi za vifaa?

Mwokoaji
Zinazobaki baada ya kumpima yeye. Tungeanza na mhudumu mwembamba.