Skrini za kugusa badala ya vitufe garini: je, ni salama?

Abiria_Mstaafu:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninatafuta gari la familia, na karibu kila toleo jipya ninaloonyeshwa limeondolewa vitufe vya kiyoyozi na redio. Vyote vimehamishiwa kwenye skrini iliyo katikati ya dashibodi. Muuzaji ananihakikishia kwamba nitazoea. Je, kuna ushahidi kwamba skrini hizi huyatoa macho ya dereva barabarani, au ni ukaidi wetu tu sisi tuliozoea vya zamani?

Fundi wa Nyaya:
Ushahidi upo, ndugu yangu. Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi nne nyepesi, kwa mfano kuongeza joto, kutafuta stesheni ya redio na kupunguza mwanga wa dashibodi, huku gari likienda kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe pekee, kazi zote zilimalizika kwa sekunde 10, yaani ndani ya mita 306. Katika MG Marvel R, inayotegemea skrini ya kugusa, zilichukua sekunde 44.6, na gari likawa limekwenda mita 1,372. Madereva hao walikuwa wamepewa muda wa kuyazoea magari kabla ya jaribio, kwa hiyo hoja ya muuzaji wako haina uzito mkubwa. Kitufe hupapaswa kikajulikana, lakini kioo laini hakimwambii dereva kidole chake kimefika wapi mpaka atazame.

Mshauri wa Sheria:
Naongezea upande wa sheria. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Karlsruhe, Ujerumani, ilishughulikia shauri la dereva wa Tesla aliyeacha njia na kugonga miti wakati akirekebisha kasi ya waipa kwenye skrini, mvua ikinyesha. Alitozwa faini ya euro 200 na kuzuiwa kuendesha kwa mwezi mmoja, kwa kuwa mahakama iliihesabu skrini hiyo kuwa kifaa cha kielektroniki kama simu. Mtengenezaji ndiye aliyeiweka waipa humo, lakini adhabu ilimwangukia dereva; binafsi naona hilo ni gumu kumeza.

Mama Bandarini:
Tusiilaumu skrini yenyewe. Kwa ramani na kamera ya nyuma ina manufaa makubwa, na katika jaribio hilohilo la Uswidi Dacia Sandero na Volvo C40, zote zenye skrini, zilimaliza chini ya sekunde 14. La kuangalia ni kazi zipi zimebakiziwa swichi. Kuanzia mwaka 2026 Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari mapya, haitoi alama kamili kwa gari lisilo na swichi halisi za indiketa, taa za dharura, waipa, honi na wito wa msaada. Kama unaagiza gari lililotumika kutoka Japani, uliza pia lugha ya menyu, maana nyingi huja kwa Kijapani, na kiyoyozi kikiwa humo utahangaika.