Bahari ifungwe kwa saini ya rais au kwa sheria ya Bunge?

Wadau wa Arusha na Moshi, naomba tulijadili hili bila matusi.

Tarehe 6 Januari 2025 Joe Biden, akiwa amebakiza wiki mbili Ikulu, alizuia leseni mpya za kuchimba mafuta na gesi kwenye ekari milioni 625 za bahari ya Marekani. Tarehe 20 Donald Trump akaapishwa, na siku hiyohiyo akalifuta zuio. Eneo hilo linazidi Tanzania nzima zaidi ya mara mbili, na limefungwa na kufunguliwa kwa kalamu!

Sheria yao ya mwaka 1953 inamruhusu rais kuzuia eneo, ila haisemi kama anayemfuata anaweza kulifungua. Obama alizuia, Trump akafuta, na mwaka 2019 jaji mmoja wa Alaska akaamua kwamba kufuta ni kazi ya Kongresi. Rufaa haikufika mwisho, kwa sababu Biden aliingia akarudisha zuio.

Mimi naunga mkono kuzuia. Aprili 2010, kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico huko Marekani, saruji ya kuzibia kisima ilishindwa kuhimili gesi, na vali kubwa za dharura zilizokaa sakafuni mwa bahari nazo hazikukifunga. Watu 11 walikufa, na mafuta yakamwagika siku 87. Sisi tuna gesi kwenye kina kirefu nje ya Lindi na Mtwara, na hapo jirani kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Maeneo ya kufungwa yatajwe ndani ya sheria, na Bunge pekee ndilo liweze kuyafungua.

Mdau, Kilombero, Arusha:
Mkuu, sisi wa bodaboda tunasubiri bei ya mafuta inayotangazwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Petroli ikipanda, abiria wa kwenda Njiro hataki kusikia habari ya nauli mpya. Wakubwa wakizuia uchimbaji, mafuta yanapungua na anayeumia ni mimi. Nishangilie nini?

Mleta mada:
Ndugu yangu, maumivu yako nayajua. Ila zuio lile halikugusa visima vinavyofanya kazi Ghuba ya Mexico. Lilihusu leseni mpya, na kutoka leseni hadi pipa la kwanza kwenye kina kirefu ni miaka mingi. Bei ya mwezi ujao inategemea soko la dunia, dola, kodi na gharama ya kuyaleta mafuta kutoka bandarini hadi huku kwetu.

Mdau, Moshi:
Mmesahau Songo Songo, kile kisiwa cha Kilwa. Gesi yake inazalisha umeme Dar tangu 2004, na sisi wa Kilimanjaro tuko kwenye gridi hiyohiyo. Halafu mnaliamini Bunge? Sheria ya Petroli ya 2015 ilipita kwa hati ya dharura, yaani muswada ulipitishwa harakaharaka, wabunge wa upinzani wakiwa wametolewa nje.

Mleta mada:
Hapo umenigusa, na sina la kupinga. Basi naongeza: muswada wowote wa kufungua eneo lililozuiwa usiruhusiwe kuja kwa hati ya dharura. Usikilizwe kwanza Kilwa na Mafia, wavuvi wakiwepo, na tathmini ya mazingira iwe mikononi mwao kwa Kiswahili kabla ya kikao. Songo Songo iendelee, hakuna anayetaka kuifunga. Wa Moshi, kwa masharti hayo bado unapinga?