Meli itafunga gati Mombasa siku moja tu: eTA au nirudishe uraia kwanza?

Kutoka: Mwanajuma (Leicester)

Assalaam aleikum nduzangu,

Nina jambo limenikaba. Mume wangu amestaafu na wanawe wametulipia safari ndefu ya meli ya kitalii. Tunaondoka Southampton tarehe 6 Januari, tunavuka Panama, tunapita Pasifiki na Australia, kisha Ushelisheli, na tarehe 19 Aprili tunafunga gati Kilindini. Tunaingia alfajiri, tunatoka saa kumi na moja jioni. Halafu Durban, Cape Town, na kurudi.

Nilichukua uraia wa Uingereza 2004. Kipande changu cha zamani (kitambulisho cha Kenya) ninacho, pasipoti ya Kenya iliisha siku nyingi. Kampuni ya meli inataka ruhusa ya kuingia kila nchi ionekane siku ile ile ya kupanda. Na eTA, ile ruhusa ya kuingia Kenya inayoombwa mtandaoni, kama nilivyoelewa, haivuki siku 90 tangu itolewe. Hesabuni wenyewe: 6 Januari mpaka 19 Aprili ni siku 103.

Nimepiga simu ofisi moja ya huku inayoshughulikia karatasi zetu. Wa kwanza akaniambia niombe eTA kama mgeni mwengine yeyote. Siku ya pili mwengine akaniambia aliyezaliwa Mombasa haombi eTA, arudishe uraia kwanza. Nilipouliza inachukua muda gani, simu ikakatika.

Mamangu ana miaka 86, yuko Kibokoni, magoti hayamruhusu tena kushuka ngazi. Sijamwona tangu 2019. Aliyepitia hili naomba aniambie wazi: eTA au uraia?

Kutoka: Athman (Hamburg)

Waaleikum salaam dada Mwanajuma. Mimi nilishuka Kilindini kwa meli kama hiyo, Aprili vilevile, na nakwambia karatasi si kitu. Kilichonilia siku yangu ni mvua.

Mimi pasipoti ya Kenya ninayo, kwa hivyo nilidhani nitakuwa wa kwanza kutoka. Tulifunga gati saa kumi na mbili na nusu, masika imekaza, hata korongo za bandari hazionekani. Watalii waliolipia Fort Jesus na wale wa mbuga ya Shimba Hills walipangwa mbele. Sisi wa kutoka wenyewe tukasubiri. Nilikanyaga nje ya lango saa nne kasoro robo.

Dadangu yuko Kisauni. Tuktuk ikakubali kwa bei ya mvua, nikalipa bila kuteta. Moi Avenue hadi kwenye Pembe, yale matao ya barabarani, tulienda. Kutoka hapo mpaka Buxton ilikuwa saa nzima na dakika kumi, maji yanaingia chini ya turubai, dereva anashuka kila mara kufuta plagi. Daraja la Nyali tukalivuka kwa mwendo wa mtu na miguu. Upande wa pili barabara ya kuingilia kwao ilikuwa mto, nikavua viatu nikatembea, maji magotini.

Nilikaa na dadangu dakika thelathini na tano. Alikuwa amepika mbaazi za nazi na mahamri tangu usiku. Sikuwahi kula. Akanifungia kwenye bakuli na kitambaa, nikala ndani ya tuktuk nikirudi, tui linanichirizika mkononi, na nililia mbele ya dereva ambaye simjui. Akanyamaza, akaniwashia redio.

Kwa hivyo shauri langu: usijipe saa tatu nyumbani. Jipe moja, na saa mbili za njia kila upande.

Kutoka: Mzee Kombo (Toronto)

Athman, pole kwa uliyopitia, lakini hukuulizwa habari ya barabara. Na Kibokoni si Kisauni. Kutoka gati mpaka Mji wa Kale ni kama kilomita tatu, hakuna daraja la kuvuka. Usimtishe mtoto wa watu.

Mwanajuma, kinachoamua ni tarehe uliyochukua uraia wa nje. Katiba mpya ilianza kazi 27 Agosti 2010. Aliyechukua uraia wa nje kabla ya siku hiyo, wa Kenya ulimtoka chini ya katiba ya zamani. Kifungu cha 14(5) kinampa haki ya kuurudisha *kwa kuomba*. Haurudi wenyewe. Wewe ni wa 2004, kwa hivyo leo mbele ya afisa wewe ni Mwingereza aliyezaliwa Mombasa. Kipande cha zamani hakibadilishi hilo, ingawa kitakusaidia kwenye maombi pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kutoka: Nyambura (Columbus, Ohio)

Shikamoo Mzee Kombo. Mimi ni wa Changamwe, nimechukua wa Marekani 2014. Nilikwenda mwaka jana kwa pasipoti ya Marekani na eTA, dola thelathini na kitu, ikatoka siku ya tatu, na hakuna aliyeniuliza nilizaliwa wapi. Mwanajuma, omba eTA mkiwa njiani, mkifika Australia. Meli zina intaneti. Mambo ya kurudisha uraia yatakula miezi.

Kutoka: Mzee Kombo (Toronto)

Marahaba mwanangu. Lakini wewe ni wa baada ya 2010, uraia wako haukutoka hata siku moja. Ulichotakiwa ni kutoa taarifa ya uraia wa pili ndani ya miezi mitatu. Ulitoa? Usimwongoze mwenzio kwa kesi isiyofanana na yake. Na umeruka swali lake: kampuni inataka karatasi siku ya Southampton. Akifika Australia bila karatasi, atafikaje Australia?

Kutoka: Nyambura (Columbus, Ohio)

Mzee, sikumwongoza mtu, nimesimulia yangu. Na habari ya kutoa taarifa ni baina yangu na dirisha la ofisi. Sisi wa Pwani tunayajua madirisha hayo. Ndugu yangu alipokwenda kuchukua kipande aliulizwa cheti cha babu, na babu alizikwa kabla vyeti havijafika kijijini kwao. Mwanajuma hata akirudisha uraia, kipande kipya atakipanga foleni na nani?

Kutoka: Charo (Southampton)

Hamjambo wote. Nimefanya kazi ya stuwadi melini miaka kumi na tisa. Naongeza ambalo hakuna aliyeligusa.

Dada Mwanajuma, baada ya Mombasa unakwenda Durban. Afrika Kusini inadai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka Kenya. Chanjo lazima iwe na siku kumi kabla ya kufika. Tangu 2016 sindano moja ni ya maisha, kwa hivyo kama ulichomwa zamani, tafuta kadi yako ya manjano ndani ya masanduku. Mumeo kama amepita miaka sitini, asiende kuchomwa tu, amwone daktari kwanza, maana umri huo chanjo hiyo ina hatari zake. Nimeona abiria wakizuiliwa melini kwa kadi hiyo, na wengine wakishuka wakiimba.

La pili. Familia isije bandarini ikidhani itaingia mpaka gatini. Bandari ni eneo la ulinzi, watasimama nje ya lango. Mama wa miaka 86 asisimamishwe kwenye masika.

Kutoka: Rehema (Muscat)

Nimesoma haya yote na kifua kimenibana. Mji umejengwa na bandari, na mtoto wa mji anatafuta ruhusa ya kupita langoni. Mnakumbuka 2019 amri ya makontena yote kupanda SGR, reli mpya, mpaka Nairobi, vijana wakiandamana kila Jumatatu, madereva wa malori na mama ntilie wa Changamwe na Mariakani hawana kazi? Mwaka 2022 Rais Ruto akaamuru huduma za kutoa mizigo zirudi Mombasa siku aliyoapishwa. Babangu alikuwa karani wa forodha, tukila kwa bandari ile. Leo nikinusa dizeli na chumvi hapa Mutrah nakumbuka kanzu yake.

Mwanajuma mpenzi, kama karatasi zitakataa, usikate tamaa ya kumwona. Meli lazima ipite mkondo wa Likoni, chini ya Mama Ngina kabisa. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa pale na mihogo ya pilipili tukipungia meli? Pametengenezwa upya 2019, kuna viti. Mama aletwe kwa gari mpaka ukingoni. Mwambie ndugu yako amkalishe alfajiri.

Kutoka: Mwanajuma (Leicester)

Rehema, nimelia. Nimempigia mama sasa hivi. Ameniambia atavaa leso yake ya kisutu nimwone. Ofisi imenijibu kwa barua pepe, nambari ya ombi na neno "linashughulikiwa", basi. Mzee Kombo, cheti cha kuzaliwa nitakitafuta. Nyambura, kampuni nimeiandikia tena. Nikisimama kwenye sitaha niende upande gani?

Kutoka: Charo (Southampton)

Mkiingia, kisiwa kiko kuliani. Lakini usimtoe mama alfajiri, giza na mvua hamtaonana. Ndugu yako amtoe jioni. Saa kumi na moja mwanga bado upo, na mkitoka kisiwa kitakuwa kushotoni kwako. Panda sitaha ya juu nusu saa kabla ya kamba kufunguliwa, upande wa kushoto, mbele, maana abiria wote watakimbilia hapo hapo kuutazama mji.