Rironi hadi Mau Summit: anayejenga achore pia?

Mwanzisha mada, Nakuru:
Wadau, tangu kazi ya kupanua barabara kuu ya Rironi–Naivasha–Nakuru–Mau Summit izinduliwe Novemba 2025, hapa mjini gumzo ni ushuru wa barabara tu, zile shilingi 8 kwa kilomita. Hilo lina uzi wake. Mimi naleta jambo jingine: kampuni zinazojenga ndizo pia zinazosanifu. Wengi wanasema huko ni kumpa fisi kazi ya kulinda bucha. Mimi naunga mkono, kwa sharti moja.

Utaratibu wa zamani tunaujua. Serikali inaajiri mhandisi mshauri, anachora, michoro inakaa kabatini miaka, ndipo zabuni inatangazwa. Mkandarasi akifika saiti anakuta bomba la maji lisiloonekana kwenye ramani, au udongo si ule ulioandikwa. Anaandika barua: michoro ni yenu, nilipeni nyongeza. Mshauri naye anasema mkandarasi hajui kazi. Wakati wanavutana, mitambo imelala, gharama inapanda, na sisi tunakula vumbi la mchepuko. Mchoraji na mjenzi wakiwa mtu mmoja, hana wa kumsukumia kosa. Aliambiwa barabara ibebe trela za Malaba na Busia. Isipobeba, mzigo ni wake.

Sharti langu: abaki nayo. Mkataba wa Mau Summit ni wa kusanifu, kugharamia, kujenga, kuendesha na kutunza. Shimo la mwaka wa kumi linatoka mfukoni mwake, kwa hiyo ana sababu ya kuweka tabaka nene chini ya lami. Lakini ukimwambia mtu achore, ajenge, kisha dhamana iwe mwaka mmoja, atakuchorea barabara ya mwaka mmoja na siku mbili.

Fundi wa maabara ya udongo, Kisumu:
Ndugu, umeongea kama mtu wa Nakuru. Shuka Ahero. Udongo mweusi wa tambarare ya Kano unavimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na mto Nyando ukifurika maji yanakuja barabarani. Kuujua udongo huo hakuna haraka. Unachimba shimo, unabeba sampuli, unaishindilia ndani ya moldi ya chuma, unaizamisha majini siku 4, unasoma geji imevimba kiasi gani, ndipo unaibana kwenye mashine kupima nguvu yake. Hiyo ni sampuli moja. Sasa mzabuni aliyepewa wiki chache atapima nini? Atakisia. Akiogopa, anapandisha bei. Asipoogopa, anashinda zabuni kwa bei ya chini, halafu anapunguza pale usipoona: kalvati nyembamba, mtaro mfupi, tabaka ya chini.

Tena uliza mkataba gani. Kitabu cha Njano cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri linalotunga mikataba ya mfano, ambacho ni cha kusanifu na kujenga, kinamwachia mwenye kazi, yaani anayeagiza ujenzi, hatari ya ardhi ambayo mkandarasi mzoefu hangeweza kuitabiri. Kile cha rangi ya fedha kinamtwika mkandarasi karibu yote. Kwa hiyo hilo la "hana wa kumsukumia" si la kila mkataba.

Mama wa nyama choma, Kikopey:
Wanangu, mimi udongo siujui. Kama wanachora huku katapila linanguruma, nitajua lini mpaka wa barabara umefika wapi? Kwa michoro ya zamani angalau mtu alikuwa anaonyeshwa ramani kabla. Katiba, kifungu cha 40, inasema fidia iwe ya haki, kamili na ya haraka. Ya haraka kutoka lini, kama mstari wenyewe unasogea kila mwezi?

Dereva, Salgaa:
Na madaraja ya kuvuka kwa miguu? Mkandarasi anayetafuta faida ataanza kukata hayo.

Mwanzisha mada:
Dereva, Thika Road ilifunguliwa 2012, ikiwa imechorwa kwa utaratibu huo mnaoulilia, na watu waligongwa wakivuka kwa sababu madaraja yao yalichelewa. Kivuko kinajengwa kikiandikwa kwenye masharti ya mwenye kazi: mahali gani, na kifunguliwe kabla ya magari kuruhusiwa kwenda kasi. Kisipoandikwa, hakuna mchoraji atakayekuletea zawadi.

Mama, hapo huna mpinzani. Mpaka wa ardhi uwekwe na serikali kabla ya zabuni, Tume ya Ardhi ithamini, watu walipwe; mkandarasi achezee ndani ya huo mpaka tu. Na kwa Kano nakubali serikali ipime udongo kwanza na kuwapa wazabuni wote matokeo yale yale. Ila kurudi kwa mshauri na kabati lake, hapana.

Fundi wa maabara:
Ukishampimia udongo, ukamwekea mpaka na kumwandikia vivuko, umebakisha nini cha kusanifu?

Mwanzisha mada:
Unene wa tabaka, mteremko, madaraja, aina ya lami, na mpangilio wa kazi ili magari yaendelee kupita. Humo ndimo pesa nyingi zilimo, kaka.

Fundi wa maabara:
Haya. Basi mhandisi wa kukagua alipwe na KeNHA, mamlaka ya serikali ya barabara kuu, si na kampuni, na matokeo ya sampuli zake yabandikwe kwa chifu kila mwezi. Mkiniandikia hilo, nitatia sahihi hata kwa Ahero.