DNA baada ya rufaa kukataliwa: pa kuanzia ni wapi?

Wakili_Kisauni: Mteja yuko gereza la Shimo la Tewa kwa ubakaji, rufaa zote zimekwisha. Nguo ya mlalamishi haikupimwa DNA. Njia ipo?

Mwanasheria_Tudor: Ipo. Kifungu 50(6) cha Katiba ya Kenya ya 2010: ombi Mahakama Kuu kesi isikizwe upya, ushahidi uwe mpya na wenye uzito. Eleza kwa nini haukupatikana wakati wa kesi. Hapo ndipo maombi mengi huanguka. Lakini kwanza omba amri nguo ihifadhiwe, isije ikateketezwa!

Bi_Maabara: Ukaikague bahasha iliyotiwa nguo hiyo, ndugu yangu. Nguo mbichi ikitiwa plastiki huvunda, bakteria wakaiharibu DNA. Ilitakiwa ikaushwe kivulini, itiwe karatasi, ipigwe lakiri, kila aliyeipokea atie sahihi na tarehe.

Mwanasheria_Tudor: Pia chukueni sampuli ya mumewe mlalamishi, kwa hiari yake. Mbegu za kiume kwenye nguo zikiwa za mume huyo, hazimwondolei mteja lawama.